Nyusi za Madirisha

Miaka tisa nimeijenga nyumba hii kwa vipande,
kama mtoto anayeandika insha kwa penseli iliyobaki urefu wa kucha:
mwaka wa msingi, mwaka wa matofali ya kuchoma,
miaka miwili ya kuitazama linta ikiota nyasi,
kisha bati, kwa mkopo nitakaoumaliza nikistaafu.

Juni hii baridi ya Isyesye inang'ata masikio.
Nimebaki na laki nne na nusu, katikati ya daftari la mahudhurio.
Dada yangu Tusekile anasema: dari.
"Weka dari, usilale chini ya bati kama gunia la viazi."
Fundi Asukenye hasemi kitu. Anarudi nyuma hatua saba
mpaka ukingo wa mtaro, anainamisha kichwa,
anaitazama nyumba kama daktari anavyotazama ulimi.
"Mwalimu," anasema, "hii haina nyusi."

Nikacheka. Halafu nikaangalia.
Kweli, madirisha manne yamekodolea barabara macho,
lipu ya kijivu, bapa,
uso wa mtu aliyeamshwa usiku akaulizwa jina.

"Na si pambo tu. Jasho likishuka, jicho lako linalindwa na nini?
Mvua ya huku haishuki, mwalimu. Inapiga ubavu."

Basi dari ikasubiri.

Akapigilia misumari, akavisha wavu wa kuku,
akavuta kamba, akaagiza pima maji, akamkaripia kibarua,
kisha akatoa mkobani kalibu yake:
kipande cha bati alichokikata mwenyewe,
mawimbi mawili na ngazi moja,
kwenye ubao uliolainishwa na viganja vyake.
Akabandika saruji, akaikokota kalibu. Magamba.
Akaongeza, akakokota. Mbavu.
Mara ya sita, sijui ya saba,
mstari ukatoka ukutani kama ulikuwa umejificha humo siku zote,
na kivuli chake chini yake, chembamba.

Nilikuwa nimetoka darasani, chaki bado kwenye vidole.
Miaka ishirini na sita nawaambia watoto
kichwa cha habari kipigiwe mstari, kwa rula, usitoboe karatasi.
Kumbe na nyumba.

Jirani Mwasomola akasimamisha baiskeli:
"Mwalimu, chumba shilingi ngapi kwa usiku?"
Nikamjibu chai haimo.

Dirisha la nne, la chumbani kwangu, simu ya fundi iliita.
Mkewe, Igawilo, uchungu umeanza.
Kalibu ikayumba upana wa kidole.
Saruji haisubiri mtu; mtoto naye hivyo hivyo.
Akanitazama, mwiko mkononi: "Nitakuja kuubomoa."
Mimi, niliyemaliza makasha ya kalamu nyekundu
nikizungushia makosa ya watu wadogo,
nikasema, kimbia, Asukenye.

Alirudi baada ya siku tisa, na nyundo na patasi,
macho mekundu, shati lina harufu ya maziwa.
Tulikuwa tumeshauzoea.
Unyusi mmoja umeinuka kidogo upande wa kushoto,
kama wa mtu aliyeambiwa jambo
naye hataki kusema kwamba haamini.
Nikamwambia rudisha nyundo. Nikampa kitenge cha mtoto.

Mvua ya kwanza ya Novemba ikaja kwa ubavu.
Nilitoka na khanga kichwani kuitazama:
maji yalikimbia mpaka ukingo wa nyusi,
yakasita, yakakusanyana, yakadondoka mbali na ukuta,
tone moja moja, dirisha la nne yakianzia kulia.
Chini ya madirisha, rangi ilikuwa kavu.

Ndani, bati lilinguruma hata redio haikusikika,
ndoo mbili zikipokea zamu.
Tusekile alikuwa ameketi kitandani, mdomo unafunguka na kufunga.
Sikusikia neno, lakini neno lenyewe ni fupi,
lina silabi mbili.
Nikaketi mbele yake, nikavua khanga iliyolowa,
nikamwinulia unyusi mmoja.
Wa kushoto.